Mlango Waliouziba Wenyewe

Jiwe lile, msomaji, halikurushwa kutisha watu. Lilipasua kioo cha chumba cha mikutano cha kituo cha polisi, likapita juu ya chupa za maji, likatua kwenye paji la uso la Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi ya Kuishauri Polisi.

Tulimwacha akiwa amesimama, kidole juu, akisema, "Ndugu wajumbe, tusiwe na jazba." Neno jazba ndilo la mwisho lililomtoka. Sasa alikuwa sakafuni, damu imemfumba macho, akipapasa kutafuta miwani ambayo tayari ilikuwa imekanyagwa.

Sheikhe na Mchungaji, ambao mwaka mzima wamekuwa wakigombania nani afungue kikao kwa dua, walikuwa chini ya meza moja wameshikana mikono. Kila mmoja alimlilia Mola kwa sauti yake, na leo hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Nje watu walifurika mpaka barabarani.

"Mtoeni Dereva! Mtoeni muuaji!"

Aliyebaki wima mle ndani ni Fundi. Huyu ni fundi mwashi, kifua kipana, hasira karibu. Hakubaki wima kwa ushujaa. Alibaki wima kwa sababu muuaji aliyekuwa anatakiwa na kundi lile ni mume wa binti yake wa pekee.

Kisa unakikumbuka, na kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, kishike upesi. Mdogo wake Mama Bucha, kijana wa pikipiki aliyependwa na kila mtu, alichomwa kisu cha tumbo. Maiti yake ikakutwa ndani ya lori la maji la Dereva. Dereva ni mtu wa kuja, hana kwao hapa. Watu walimpiga kwanza, ndipo wakamfikisha kituoni.

Fundi hakumpenda mkwe huyo hata siku moja. "Alimchukua binti yangu bila kubisha hodi," ndivyo alivyozoea kusema. Dereva akifungua mdomo tu, Fundi anaufunga. Akianza "Baba, mimi nadhani," anajibiwa, "Nani kakuuliza?"

Lakini asubuhi hiyo binti alikuwa amemshika baba yake mkono mlangoni. "Baba, sikuombi umpende. Nakuomba unirudishie akiwa mzima." Ndiyo maneno yaliyokuwa yakimwasha Fundi kichwani wakati mawe yanadunda juu ya bati.

"Afande!" alipiga kelele. "Mtoe kwa mlango wa nyuma!"

Mkuu wa kituo, mama mwembamba mwenye sauti ya amri, alikuwa anasukuma kabati la chuma kuzuia dirisha. Alisita, akamgeukia, akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

"Mlango gani wa nyuma, Mzee Fundi?"

Damu ikamwisha Fundi mwilini.

Mwaka uliopita wakazi walilalamika kwamba wahalifu wenye chochote mfukoni wanaingizwa kituoni kwa mlango wa mbele na kutolewa kwa mlango wa nyuma. Kamati ikaketi. Nani aliyenyoosha mkono na kushauri mlango ule uzibwe kabisa? Fundi. Nani aliyejitolea kuuziba bila malipo? Fundi huyo huyo. Na kwa kuwa hakuwa fundi wa kuiba saruji, akamwaga zege la haki, akalisuka kwa nondo. Siku ya kumaliza akapigwa picha ameshika mwiko, akasema hata lori likija kinyumenyume halipiti.

Wapo mafundi wezi ambao ukuta wao unausukuma kwa bega ukaanguka. Siku hiyo Fundi alitamani angekuwa mmoja wao.

"Mlinishauri nizibe mlango, nikaziba," alisema Afande, bado anasukuma kabati. "Mlinishauri silaha zikae makao makuu ili raia wasituogope, nikazipeleka. Haya, kamati yangu tukufu! Mimi nipo hapa. Nishaurini!"

Kutoka chini ya meza zilijibu dua tu.

Kishindo kikaja kutoka mapokezi. Mlango wa mbele ulikuwa umeachia bawaba ya juu. Kupitia kioo cha ndani Fundi alimwona konstebo wa zamu akivutwa kwa kola juu ya kaunta, miguu inapiga hewa. Walimpokonya rungu lake, wakaanza kumpiga nalo. Mkono wake ulivunjika kwa mlio ambao hata chini ya meza ulisikika, maana dua zilikatika kidogo, zikarudi kwa kasi zaidi.

Afande alichomoka. Aliruka kaunta, akampiga mtu kiwiko cha koo, akamburuta konstebo wake kwa mkanda mpaka ndani. Akabana mlango wa kati kwa komeo. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu na hakuonekana kujua.

"Huu hauwezi kuwazuia muda mrefu," alisema.

Hapo ndipo Mama Bucha aliposimama.

Naye ni mjumbe wa kamati. Alikuja moja kwa moja kutoka dukani, na aproni yake ya kazi, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote. Sasa alifungua mkoba, akatoa kisu kirefu kilichoviringishwa gazeti. Kwa mkono wa pili akachomoa funguo za mahabusu kwenye msumari ukutani.

"Wasihangaike huko nje," alisema taratibu. "Huyu ni wangu."

Fundi akamzuia njia. "Mama Bucha. Weka hicho chini."

"Pisha, Fundi."

"Huyo ni mume wa mwanangu."

"Na aliyekufa ni mdogo wangu, mama yetu aliniachia akiwa wa kubebwa mgongoni. Nimemlea mimi. Pisha."

Ncha ya kisu ilikuwa imeshagusa shati la Fundi juu ya kitovu. Mwanamke huyu amechinja maisha yake yote. Fundi alitaka kuwa shujaa, msomaji, lakini mwili ulimkatalia. Alisogea nusu hatua tu, na nusu hatua ilimtosha Mama Bucha. Akapita, akaingia ujia wa mahabusu, akaufunga mlango wa chuma kwa ndani.

Fundi aliurukia ule mlango akaupiga kwa ngumi mpaka ngozi ikatoka.

"Mama Bucha! Usimuue! Msikilize kwanza!"

Hebu msikie! Yeye, ambaye hakuwahi kumsikiliza.

Alisubiri ukelele. Ukelele haukuja. Ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza, ya chini, kavu. Ikajibu sauti ya mwanamume aliyevimba mdomo, maneno yanatoka yamepondeka. Swali jingine. Jibu refu. Kisha kimya kilichomfanya Fundi aombe kwa dini zote mbili zilizokuwa chini ya meza.

Mlango ukafunguliwa. Kisu kilikuwa safi. Uso wa Mama Bucha ndio uliokuwa umebadilika, umekuwa mzee ghafla.

"Fundi," alisema, "toboa ukuta wako."

"Amekwambia nini?"

"Toboa! Nikikwambia utaduwaa, na hakuna nafasi ya kuduwaa. Mtoeni akiwa hai. Mimi nakwenda kuongea na wale watu."

"Watakuua," Afande alimwambia.

"Mimi ndiye mfiwa. Wanasema wamekuja kwa ajili yangu, si ndiyo? Basi wanisikilize."

Akarudisha kisu mkobani, akafungua komeo, akatoka kwenda kuwakabili.

Afande alimshika Fundi mkono, akamkokota hadi stoo ya vielelezo. Katikati ya redio na magodoro ya wizi kulikuwa na nyundo kubwa ya kuvunjia, iliyokamatwa kwa wezi waliobomoa duka la jumla.

"Kielelezo cha mahakama hicho," alisema Afande. "Ukikivunja, na kesi imevunjika."

"Kesi utapata nyingine, Afande. Mkwe nina mmoja."

Neno lilimtoka lenyewe, akashangaa kulisikia.

Kabla ya kunyanyua nyundo alitoa simu. Kutoboa ukuta hakutafaa kitu kama huko nje hakuna gari. Na katika mji ule wote, kulikuwa na mtu mmoja ambaye Fundi angempigia bila kufikiri mara mbili. Ni Mzee wa Gereji, mjumbe mwenzake, sahibu yake wa tangu ujana. Leo hakuja kikaoni kwa sababu ya tumbo.

"Sahibu, nimekwama. Lete gari uchochoroni, nyuma ya kituo. Namtoa Dereva."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, lakini hali yake mbaya."

"Ameshasema lolote?"

"Atasema nini na mdomo ule? Fanya haraka, ndugu yangu!"

"Nakuja. Na binti yako yuko hapa kwangu, amekuja analia nimlete huko. Nakuja naye."

Machozi yalimlenga Fundi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alijiambia, akaweka simu mfukoni, akaushika mpini wa nyundo mbele ya mlango aliouziba, mwisho wa ujia wa mahabusu.

Pigo la kwanza liliacha alama ndogo tu. La pili likamrudia mabegani. Zege lilikuwa limeiva vizuri, na Fundi alilitukana kwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Alipiga pale pale, tena na tena. Alipiga kwa ajili ya binti yake. Akajikuta, bila kupenda, anapiga na kwa ajili ya yule kijana aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi bila kuitikiwa.

Kipande kikamong'onyoka. Mwanga wa jua ukaingia, mdogo kuliko ngumi.

"Mzee Fundi. Acha hiyo."

Aligeuka. Bati la choo lilikuwa limefumuliwa, na kijana mwingine wa pikipiki, mwenzake marehemu, alikuwa amesharukia ujiani, panga mkononi. Fundi alimjua. Nyumba ya baba yake aliijenga yeye.

"Rudi ulikotoka, mwanangu."

"Alimuua rafiki yangu. Pisha nimalize."

"Nimesema rudi!"

Panga lilishuka. Fundi alijikunja, likamkata begani, akahisi joto linateremka kwapani. Kijana alinyanyua tena, safari hii shabaha shingo. Fundi hakufikiri. Alizungusha nyundo chini kwa chini, ikampata goti.

Mguu ule ulikunjika upande ambao mguu haukunjiki. Panga likaanguka. Kijana akaanguka juu yake, akaita, "Mama! Mama nakufa!"

Fundi alitapika pale pale ukutani. Kisha akajifuta mdomo, akaokota nyundo, akaendelea kupiga, huku analia kwa sauti na kijana naye analia nyuma yake.

Afande alifika akimwegemeza Dereva. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba yakafunga, mdomo umepasuka. Afande alikuwa amemfunika blanketi la mahabusu kichwani, asitambulike huko nje.

"Baba," ilisikika sauti ndani ya blanketi. "Baba, ni wewe?"

"Ni mimi. Inama. Tanguliza mkono."

"Baba, kuna neno lazima ulijue. Nimeshamwambia mama yule. Aliyemchoma—"

"Baadaye!"

"Baba, nisikilize, ni mtu wenu wa—"

"Tangu umuoe binti yangu umekuwa mtu wa maneno!" Fundi alifoka, akikamata nondo kwa mikono yenye damu na kuikunja kando. "Leo sitaki neno, nataka upite! Utakwenda kumweleza mkeo!"

Dereva akanyamaza. Alikuwa amezoea kunyamazishwa na mzee huyu.

Walimsukuma ndani ya tundu kichwa kwanza. Nondo zilimchuna mbavu, akauma meno. Akakwama kiunoni. Fundi akaweka bega lake lililokatwa kwenye nyayo zake, akasukuma kwa nguvu zilizobaki mpaka akaona nyota.

Mikono miwili ikampokea upande wa pili. Fundi alichungulia. Ilikuwa ni mikono ya Mzee wa Gereji, yenye grisi kwenye kucha. Gari lilikuwa linanguruma. Mzee alitazama uchochoro pande zote. Alimbeba Dereva, akamlaza nyuma, akamfunika turubai mpaka kichwani.

"Baba!" Binti alikuwa kiti cha mbele, nusu mwili nje ya dirisha. "Baba, unatoka damu!"

"Si kitu, mwanangu. Nenda na mumeo." Fundi aliweka uso kwenye tundu. "Sahibu! Muwahishe hospitali mkwe wangu!"

Mzee wa Gereji aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Gari likaondoka.

Fundi aliteleza chini, mgongo ukutani. Moyo ulikuwa umejaa furaha. Amemtoa. Ahadi kwa binti ameitimiza. Afande aliketi kando yake, akaanza kumfunga bega kwa kitambaa, kisha akamgeukia yule kijana aliyevunjika, ambaye sasa alikuwa anagugumia tu.

Ndipo walipogundua kwamba huko mbele kelele zilikuwa zimekoma.

Sauti moja tu ilikuwa inasikika, ya Mama Bucha, juu ya ngazi za kituo. Ilikuwa sauti ya kuita wateja sokoni, na ilifika kila pembe.

"Dereva alimkuta mdogo wangu chini, matumbo mkononi. Akampakia kwenye lori amkimbize hospitali. Njiani mdogo wangu akamtajia aliyemchoma, ndipo akakata roho. Mnauliza mbona hakusema? Amwambie nani? Maelezo yote yanayotolewa humu husomwa mbele ya kamati. Ni sisi tulioshauri hivyo, ili pasiwe na siri. Na muuaji yumo kwenye kamati!"

Mngurumo ukapita kwa watu.

"Nimekaa naye meza moja. Alikuja kunipa pole. Jeneza alibeba yeye!"

"Nani? Mtaje!"

Fundi alikuwa ameshasimama.

"Pikipiki zenu zinaibwa kila siku. Mmewahi kujiuliza zinapelekwa wapi? Mdogo wangu alijiuliza. Akaifuata ya kwake, akaikuta imekatwakatwa vipande, inauzwa spea. Akakutwa anachungulia, akachomwa. Kwenye geti la gereji! Na Mzee wa Gereji mwenyewe!"

Kundi likalipuka, na hata kuta za kituo zilitikisika.

"Gereji! Twendeni gereji! Tuichome naye ndani!"

"Akamatwe!" Mama Bucha alipiga ukelele. "Nimesema akamatwe! Msichome!"

Nani angemsikia? Matairi waliyoyaleta kwa ajili ya Dereva yalikuwa yameshabebwa mabegani. Petroli ilikuwa kwenye madumu. Kilichokosekana ni mtu wa kuchomwa, na sasa amepatikana.

Afande alikuwa ameshapiga mbio kuelekea mbele, akiita vijana wake kwa majina ya kazi. Fundi alikuwa anapapasa simu. Vidole viliteleza kwa damu, akapiga namba ya mtu mwingine, akakata, akapiga tena. Iliita. Ikaita.

"Baba!" Sauti ya binti ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. "Usiwe na wasiwasi, tumeshafika."

"Hospitali?"

"Hapana, tuko gereji. Mzee anasema njia ya hospitali imejaa watu, bora tujifiche hapa kwanza. Ametufungulia chumba cha ndani kabisa. Jamani, huyu mzee ana utu, Baba!"

"Mwanangu, sikiliza. Mumeo yuko wapi?"

"Yupo hapa sakafuni. Anahangaika kuniambia kitu, nimemwambia anyamaze, apumzike kwanza."

"Toka humo! Mchukue mtoke sasa hivi!"

"Nini? Sikusikii, Baba. Subiri kidogo, Mzee anafunga geti."

Fundi aliusikia mlango wa chuma ukijibamiza na komeo likipita. Kisha simu ikakatika. Aliingiza kichwa na mabega kwenye tundu la ukuta wake, nondo zikamshika kifuani, akakwama hapo hapo, nusu ndani na nusu nje, akiutazama mbele yake uchochoro mzima wa watu wakipita mbio na matairi na madumu, wanakwenda kumchomea mwanawe.